Eksirei, infraredi au XRF: ipi inafaa kuchunguza rangi za picha za kale?

mwanafunzi_sanaa
Habari wakuu. Naandaa mada ya darasani kuhusu kuchunguza picha za kale bila kuzidhuru. Vifaa vinavyotajwa sana ni eksirei, kamera ya infraredi na skana ya XRF (inayopiga rangi kwa eksirei na kutambua elementi zilizomo). Mngeshika kimoja tu, kipi?

fundi_rangi
XRF, bila kusita. Eksirei inakuonyesha mahali miale ilipokwama, basi. Nyeupe ya risasi na nyekundu ya zebaki zote zinatoka nyeupe kwenye filamu. XRF inapita nukta kwa nukta na kukupa ramani ya risasi peke yake, zebaki peke yake, shaba peke yake. Chukua Patch of Grass ya Van Gogh, ya 1887. Kichwa kilichofichwa chini ya majani kilikuwa kikionekana kwa ukungu tu. Mwaka 2008 utafiti uliofanyika kwenye DESY, kituo cha utafiti wa fizikia huko Hamburg, Ujerumani, ukakitoa: zebaki ilionyesha wekundu wa midomo na mashavu, antimoni, elementi iliyomo kwenye rangi moja ya njano, ikaonyesha uso unapopigwa na mwanga. Mwanamke wa kijijini, kabisa!

kamera_na_taa
Mkuu, XRF haioni mkaa. Msanii akichora kwanza kwa mkaa halafu akapaka rangi juu, ni infraredi itakayokuonyesha, maana rangi nyingi zinaipitisha na mkaa unaimeza. Mwanamume mwenye tai ya kipepeo aliye chini ya The Blue Room ya Picasso (1901) alionekana vizuri kwa infraredi. Halafu ni nafuu: hata kamera ya kawaida iliyotolewa kichujio chake cha ndani inaanza kukupa kitu.

tabaka_kwa_tabaka
Wadau, mnasahau picha ya Dresden, Ujerumani. Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, alichora msichana anayesoma barua dirishani, nyuma yake ukuta mtupu. Eksirei ya 1979 ikaonyesha Cupid (mungu wa mapenzi wa Warumi) mkubwa ukutani. Kwa miaka karibu 40 iliaminika Vermeer mwenyewe alibadili mawazo akamfunika. Kumbe eksirei ilisema *kuna nini*, haikusema *nani* wala *lini*. Jibu lilitoka kwenye chembe za rangi zilizochukuliwa na kutazamwa kwa hadubini: kati ya Cupid na rangi ya ukuta kulikuwa na vanishi na uchafu. Uchafu unahitaji miaka kutulia! Aliyefunika alikuja Vermeer akiwa ameshafariki. Ndipo wakakwangua rangi ile kwa kisu kidogo cha upasuaji, na mwaka 2021 Cupid akaonyeshwa hadharani.

mwanafunzi_sanaa
Kwa hiyo kwa suala la tabaka, bila kuchukua chembe hatufiki?

tabaka_kwa_tabaka
Kwa swali la tabaka lipi lilitangulia na limekaa muda gani, mara nyingi hapana. Kwa swali la rangi gani ipo wapi, mnafika mbali sana.

fundi_rangi
Hapo nakubali. Ila chembe usizichukue kwa kubahatisha. Piga infraredi na XRF picha nzima kwanza, ramani ndizo zitakazokuonyesha pa kuchukulia, na badala ya chembe ishirini utachukua mbili.