Anskuli, homskuli ya ratiba ama mwalimu wa nyumbani: watoto wa gredi 1 na 3, Mombasa

Mama_Bamburi:
Salaam jamani. Nina wawili, wa miaka 6 na 8, tumewatoa shule teremu ilipoisha na sasa niko nao nyumbani. Mie nataka anskuli kabisa, yaani mtoto afuate analolipenda, hakuna kengele hakuna homuweki. Baba watoto ataka homskuli ya ratiba, deski, saa mbili asubuhi watu washakaa. Mama mkwe naye asema tuajiri mwalimu aje nyumbani tuwache mchezo. Ila yale masomo ya CBC, mtaala wa shule zetu, lazima wayapate yote. Mliojaribu, ipi yafaa kwa umri huu?

Bi_Kibokoni:
Anskuli, wala usiogope. Gredi 1 hadi 3 masomo ni 7 tu, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, lugha ya asili, Mazingira, Dini na zile kazi za ubunifu, na ukitazama vizuri nusu yake mtoto wa hapa ayapata kwa kuishi tu. Dini yuko chuoni, madrasa, kila jioni. Wangu apenda kwenda kuvua na ami yake huku Tudor, sasa ikawa lazima ajue maji yapwa saa ngapi, nikampa daftari akawa aandika kila siku, akajionea mwenyewe kwamba kila siku yachelewa kama dakika 50 hivi, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yatoka mpaka miamba yabaki wazi. Hapo kuna kusoma saa, kuna kujumlisha, kuna Mazingira, na kuandika pia. Juzi wabishana na ami yake eti Ijumaa wasiende mapema maji yatakuwa bado yamejaa, na mtoto ndiye aliyekuwa na haki 😂

Baba_Changamwe:
Bi Kibokoni umetaja matamu tu. Kiingereza je? Na kuzidisha? Sijaona mtoto aliyeamka akatamani jedwali la 7. Sisi tuko na ratiba lakini si ya kutwa, hata shule kipindi cha gredi hizo ni dakika 30. Nimedaunlodi zile karikulamu dizaini za KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, ni bure, kila somo laonyesha mtoto atarajiwa kujua nini, tukianza saa tatu saa tano tumemaliza. Ubaya wake niuseme pia, huyu wangu mdogo akiona daftari la Hisabati tumbo laanza kumuuma. Kila siku. Na lapona saa tano kamili.

Pweza_Mtwapa:
Wapelekeni shule watoto wacheze na wenzao, mwawafungia ndani bure.

Bi_Kibokoni:
@Pweza wenzao wako hapo nje saa kumi, mpira mpaka adhana ya magharibi. Kumwingiza ndani ndio kazi.

Tiacha_Likoni:
Mie ndio hao waajiriwa kwa hiyo nisikilizeni. Mwalimu ukimpa siku nzima atakuletea shule hapo sebuleni, kopi kopi tu, kwa sababu mzazi akirudi jioni atakalotazama ni daftari. Mpe kazi moja. Mie huchukuliwa kwa kusoma peke yake, sauti za herufi, silabi, vitabu vidogo vya Kiingereza na Kiswahili, siku tatu kwa wiki. Watoto wengi kusoma hakuji kwenyewe, na akifika gredi 4 hasomi vizuri masomo yote mengine yamkwamia. Hesabu za mwanzo mpelekeni soko la Kongowea, kipimo cha pishi ni vibaba vinne, robo na nusu ataielewa kwa mchele kabla hajaiona kitabuni.

Kalamu_Nyeusi:
Kabla hamjafika mbali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, yamtaka mzazi ahakikishe mtoto ahudhuria shule, ukipatikana na hatia faini ni mpaka laki moja ama kifungo mpaka mwaka mmoja, ama vyote viwili. Sasa anskuli bila karatasi yoyote ni kujianika. Pili, tathmini ya gredi 6, KPSEA, baraza la mitihani KNEC husajili kupitia shule, kwa hiyo tafuta mapema shule itakayokubali kumchukua, usingoje mwaka wenyewe ufike. Wako wanaohamia mtaala wa Kiingereza wa Cambridge, lakini huko jipange mfukoni.

Mama_Bamburi:
Uwii hilo la kifungo baba watoto asilione 🙈 Karatasi gani sasa?

Bi_Kibokoni:
Mie hupiga picha na simu, kazi yenyewe na tarehe, naandika hili ni la somo gani. Jumapili usiku nafungua hizo dizaini alizotaja Baba Changamwe naweka tiki, lililokaa bila tiki ndio nalitafutia njia wiki ijayo. Na kwangu linalokaa bila tiki ni Kiingereza kila mara, hapo umenipata ndugu yangu.

Baba_Changamwe:
😂😂 Na mie kesho naenda sokoni na huyu wa tumbo, nione kama pishi nayo itamuuma.

Mama_Bamburi:
Basi asubuhi kusoma nusu saa na Hisabati nusu saa, deski la baba watoto lipate kazi, baada ya hapo nawawachia. Mwalimu awe wa huyu wa miaka 6 pekee, mkubwa asoma vizuri. Tiacha Likoni, wavuka feri ukaja mpaka Bamburi ama ni mbali? Na kwa saa wachukua ngapi, nijibu inboksi.