Naomba ushauri: ufukweni namhisi Mungu, chumbani maombi yanakauka

Wapendwa, amani iwe nanyi. Nipo likizo, na kila alfajiri nakaa ufukweni peke yangu. Wimbi likirudi na kuvuta mchanga chini ya nyayo zangu, moyo unalainika, machozi yanatoka kabla sijasema neno. Namhisi Mungu karibu mno. Nikipiga magoti chumbani, kimya. Nimesoma Zaburi ya 107, pale wanaposhuka baharini kwa merikebu, nimezima simu, nimefunga siku mbili, bado. Hili linaniumiza kweli. Je, nitajuaje kama ninayemhisi ni Mungu, au ni utulivu wa bahari tu? Na mliopitia hali hii, mliubebaje ukaribu ule mpaka nyumbani? Zimebaki siku nne niondoke.