MJADALA: Flagyl iuzwe kwa cheti cha daktari tu, au iachwe kama ilivyo?

Wakuu, salaam. Wengi humu mnasema Flagyl iendelee kuuzwa bila cheti kwa sababu zahanati ziko mbali, na eti vidonge vinne havina madhara. La umbali naliheshimu. La vidonge vinne nalikataa kabisa, maana dozi pungufu huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Juzi dukani, kijana mbele yangu aliomba Flagyl za mia tano, tumbo linamsumbua. Muuzaji akashika mkasi, akakata vinne, akavifunga kwenye kikaratasi. Hakumuuliza hata kama anaharisha damu.

Dawa hiyo hiyo ndiyo tegemeo letu dhidi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, kama Bacteroides wa utumbo mpana. Kidole tumbo kikipasuka, hao humwagika tumboni, na daktari wa upasuaji hukimbilia Flagyl pamoja na seftriaksoni, antibiotiki nyingine.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Watafiti walilinganisha Bacteroides wa kabla ya 1970 na wa miaka ya 1990. Bakteria waliobeba jeni ya usugu, yaani ya kuishinda dawa, dhidi ya antibiotiki iitwayo tetrasaiklini walikuwa wamepanda kutoka takribani 30% hadi zaidi ya 80%, hata kwa watu wenye afya njema. Na maabara imeonyesha kwamba dozi ndogo tu ya tetrasaiklini huwachochea bakteria hawa kugawiana jeni hiyo. Dozi ndogo, ndugu zangu! Klindamaisini, antibiotiki nyingine, nayo ilitegemewa sana kwa maambukizi ya tumbo. Kufikia 2010 mwongozo wa madaktari wa huko uliacha kuipendekeza, maana Bacteroides wameshaizoea.

Flagyl bado inawaweza wengi wao, ingawa jeni za kuishinda zimeshaonekana. Kwetu kinachonitisha ni kwamba hatutajua mapema. Bakteria hawa hawaoti penye hewa. Kuwaotesha kunataka chombo kisicho na oksijeni na siku mbili au zaidi, na maabara nyingi za hospitali zetu hazifanyi kazi hiyo. Tutaona tu vidonda vya upasuaji visivyokauka.

Kuhusu walio mbali: mtoto anayeharisha maji anahitaji ORS na zinki, na vyote vipo dukani hapo hapo. Mara nyingi chanzo ni virusi, na Flagyl haivigusi. Pasipo na zahanati, nakubali muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu aliyefunzwa amhoji mgonjwa na kumpa dozi kamili. Ila mkasi ule uwekwe chini.