Kuwasomesha watoto habari za maji tukiwa Lamu, Desemba

Assalam alaikum jamaa,

Tuko Leicester na watoto tunawasomesha wenyewe nyumbani. Desemba inshallah tunashuka Lamu kwa bibi yao, na somo letu muhula huu ni maji: yanatoka wapi, na yanatunzwaje. Huku wao hufungua mfereji tu, basi. Nataka matembezi yenye elimu ndani yake. Mkubwa ana miaka 12, mdogo 6. Tena afisa wa halmashauri huuliza tunafundisha nini, kwa hivyo nahitaji cha kumwandikia. Aliyewahi kufanya hivi anisaidie.

Mama wa Leicester

---

Waalaikum salaam dadangu,

Anza na mchanga. Wengi wakija na watoto huwapeleka Shela, kijiji cha ufuoni karibu na mji wa Lamu, kuogelea, wakapanda vilima vile vya mchanga na kupiga picha, na hakuna anayewaambia kwamba chini ya miguu yao ndiko yaliko maji ya mji. Mvua ikinyesha pale haitiririki. Mchanga huinyonya, huichuja, na maji hukusanyika chini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu yake kama samli juu ya mchuzi. Visima vya Shela huchota tabaka hilo la juu, na ndilo linalopelekwa hadi Lamu mjini.

Huyo wa miaka 12 mpe hesabu. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa muulize: tukivuta maji kwa pupa, kimo kikashuka nusu mita, chumvi yaweza kupanda kiasi gani? Akipata 20 atafahamu mwenyewe kwa nini wazee hupandwa na hasira wakiona majumba yanajengwa juu ya vilima vile, au mchanga unazolewa kwenda kujengea. Jambo hili linaniuma sana. Mchanga ukiondoka, ghala la mvua limeondoka. Choo kikichimbwa juu yake, uchafu unashukia maji yale yale tunayokunywa. Waambieni watoto hivyo hivyo, msiwapunguzie.

Kutoka mjini mwaweza kwenda kwa miguu kwa njia ya ufuoni, lakini maji yakiwa yamekupwa, maana yakijaa hufunika sehemu za njia. Kwenye visima vyenyewe msijiendee tu. Pitieni ofisi ya maji mjini, muombe mtu wa kuwaeleza.

Siku nyingine vukeni kisiwa cha Manda mwende kwenye magofu ya Takwa. Huko ni kinyume: nendeni maji yamejaa, kwa sababu mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko haupitiki yakikupwa. Nahodha atawapangia saa. Takwa ulikuwa mji wenye msikiti wa Ijumaa na ukuta wake, ukahamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wake walivuka wakakaa Shela. Ndiyo maana nasema Shela itangulie: mtoto aliyekwisha kuuona mchanga ule ataelewa waliohama walikuwa wakifuata nini. Na watu wa Shela hurudi Takwa kuomba mvua penye lile kaburi la mnara. Mkae hapo kwa adabu, msiwaharakishe watoto.

Ukipata wasaa, waonyeshe jabia, yale matangi ya kukingia mvua ambayo visiwa vya kaskazini huyategemea.

Huyo mdogo umpeleke chooni katika nyumba ya kale, aone birika, yaani tangi la maji lililojengwa humo. Maji yalitekwa kwa kata, na ndani waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini hutiwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wasikose pa kukaa. Kwetu watoto tukimwaga maji ovyo, bibi alisema, "Mai hayatezewi." Tukaacha papo hapo.

Ndugu yenu wa Langoni, sasa Bristol

---

Niongeze kidogo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Kabla hamjasafiri, zibeni sinki hapo Leicester, kila mtoto atawadhe kwa mfereji, kisha mpime maji yaliyojaa. Mkifika kwa bibi watawadhe kwa kata. Waandike tofauti.

Jingine: mtu mmoja Uingereza hutumia kama lita 140 kwa siku. Hiyo ni mitungi 7 ya lita 20. Mkubwa apandishe mtungi mmoja ngazi za nyumba ya bibi mpaka juu, halafu azidishe kwa hesabu ya watu wa nyumbani.

Na tafadhali, maji ya visima vya mitaani wasinywe. Vingi viko karibu na mashimo ya vyoo. Ya kunywa yachemsheni au mnunue ya chupa, kwani matumbo ya watoto wetu waliozaliwa huku hayajazoea.

Abu, Toronto

---

Dada, kuhusu halmashauri usiwe na wasiwasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi wa England kumsomesha mtoto nje ya shule, na hulazimiki kufuata mtaala wa taifa. Wakiuliza, jibu kwa maandishi; kunyamaza huwatia shaka. Ukurasa mmoja watosha: Shela ni jiografia na hesabu, Takwa ni historia, birika ni sayansi ya viumbe. Ambatisha michoro ya watoto na vipimo vyao. Mimi hufanya hivyo na huwa sisumbuliwi tena.

Umm Luqman, Birmingham

---

Allah awalipe nyote. Nimeanza kuzungumza na nahodha wa Shela kuhusu safari ya Takwa, wiki ya mwisho ya Desemba, siku za bamvua, maji yanapojaa sana. Chombo ni kikubwa kuliko haja yetu. Aliye na watoto na atakuwa Lamu wakati huo aniandikie, tuchangie nauli.

Mama wa Leicester