Mrejesho: printa ya Debian dukani kwetu Malindi

Assalam aleykum. Niliwaomba ushauri wa printa itakayokubaliana na Debian (mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux), ya duka letu la kutoa kopi hapa Malindi. Ahsanteni sana, hasa ndugu aliyesisitiza nitazame kama boksi limeandikwa AirPrint. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. AirPrint, njia ya kuchapisha bila waya, ililetwa na Apple mwaka 2010 kwa ajili ya simu zao, lakini printa yenye alama hiyo inaelewa IPP (lugha ya kuchapisha kupitia mtandao), na CUPS (programu ya kuchapisha ya Debian) huongea nayo moja kwa moja bila draiva ya kiwandani.

Nimechukua Brother ya leza, nyeusi tupu, yenye skana. Nilipoiunganisha na Wi-Fi ilijitokeza yenyewe kwenye orodha, na ukurasa wa majaribio ukatoka safi. Anayetaka kutumia waya wa USB aweke programu ya ipp-usb, inayopitisha IPP kwenye waya huo.

Ya wino wa maji nimeikataa. Ikikaa bila kazi, na joto letu hili, wino hukauka kwenye matundu. Tona ya leza ni unga, haina kukauka.

Skana bado sijaigusa. Nitaanza na sane-airscan, programu ya kutumia skana bila draiva ya kiwandani. Mwenye uzoefu nayo anieleze, wateja wa vitambulisho wananisubiri.