Kupumua katika mbio ndefu: pua pekee, pua na mdomo, au kuhesabu hatua?

Mkimbiaji wa Alfajiri
Wanajukwaa, salaam. Najiandaa kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, na kila ninayemuuliza kuhusu pumzi ananipa jibu lake. Kuna wanaoshikilia kwamba hewa ipite puani tu, kuna wanaotumia pua na mdomo kwa pamoja, na kuna wanaohesabu hatua, tatu za kuvuta na mbili za kutoa. Naomba mnilinganishie njia hizi kwa sababu zake, kisha mniambie ipi inafaa mwendo upi.

Pumzi Ndefu
Nianze na pua, kwa kuwa ndiyo inayozua ubishi mkubwa. Faida zake ni za kweli: hewa inayopita puani hupata joto na unyevu, huchujwa vumbi kabla ya kufika mapafuni, na hubeba gesi ya nitriki oksidi inayotengenezwa katika uwazi wa mifupa unaopakana na pua, gesi ambayo husaidia kutanua mishipa ya damu. Kikwazo ni wembamba wa njia. Mtu mzima aliyetulia huvuta takribani lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, ilhali akikimbia kwa nguvu anaweza kupita lita 100, na wengi hufungua mdomo bila hata kuamua mahitaji yanapokaribia lita 40. Kwa hiyo pua pekee naiweka katika mbio za polepole, na huko ina kazi ninayoithamini sana: inamzuia mkimbiaji asizidishe kasi siku aliyopanga kwenda taratibu. Katika mashindano, tumia pua na mdomo kwa pamoja.

Hatua kwa Hatua
Nakubaliana na Pumzi Ndefu, ila nadhani swali la mdundo lina uzito kuliko swali la tundu, yaani pua au mdomo. Mwaka 1983 watafiti Dennis Bramble na David Carrier walionyesha katika jarida la Science kwamba wakimbiaji wazoefu huelekea kuoanisha pumzi na hatua, tena kwa uwiano mbalimbali, tofauti na wanyama wa miguu minne, ambao wakikimbia mbio kali hufungwa na pumzi moja kwa kila mruko. Chukua mtu anayepiga hatua 180 kwa dakika. Akivuta kwa hatua tatu na kutoa kwa tatu, anapumua mara 30. Tatu kwa mbili ni mara 36. Mbili kwa mbili ni mara 45. Mbili kwa moja ni mara 60. Ukizitazama hivyo utaona kwamba hizi si njia zinazoshindana, bali ni ngazi za juhudi. Wapo wanaoipendelea tatu kwa mbili kwa hoja kwamba mwanzo wa kutoa pumzi hubadilishana mguu wa kulia na wa kushoto, hivyo majeraha hupungua. Hoja hiyo haina ushahidi wa kutosha, na mimi natumia tatu kwa mbili kwa sababu nyingine kabisa: kutoshana kwake na kasi ya wastani ninayoweza kuihimili kwa muda mrefu.

Binti Mlima
Naomba kutofautiana kidogo. Kuhesabu kunafaa kwenye barabara iliyo tambarare, lakini mlimani hatua hufupika, mahitaji ya hewa hupanda ghafla, na anayeng'ang'ania hesabu hujinyima pumzi pale anapoihitaji zaidi. Acha mwili uamue, kisha urudi kwenye mdundo njia inapolala. Nami nina swali: kichomi cha ubavuni kinahusianaje na mambo haya?

Mkufunzi wa Jioni
Binti Mlima, chanzo cha kichomi bado kinajadiliwa. Maelezo mojawapo ni mwasho wa utando unaozunguka ukuta wa tumbo kwa ndani, na inajulikana kwamba kula sana au kunywa vinywaji vyenye sukari nyingi muda mfupi kabla ya kukimbia hukichochea. Kikikupata, punguza mwendo, inama mbele kidogo, bonyeza mahali panapouma, na upumue kwa kina.

Kina hicho ndicho jambo ambalo bado hatujaligusa. Katika kila pumzi, takribani mililita 150 hubaki kwenye koo na mirija bila kufika sehemu ya mapafu inayobadilishana gesi na damu. Anayepumua mara 60 kwa dakika, lita moja kila mara, hupoteza hivyo lita 9. Anayepumua mara 30, lita mbili kila mara, hupoteza lita 4.5 tu, ingawa wote wawili wamevuta lita 60. Ndiyo maana ninasisitiza kiwambo, msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kishuke vizuri, mabega yakiwa yamelegea. Tena sisitizeni kutoa hewa, kwa kuwa hamu ya kupumua huchochewa zaidi na kuongezeka kwa kabonidioksidi kuliko na upungufu wa oksijeni. Anayetoa nusu nusu huhisi amebanwa hata akivuta kwa nguvu zote.

Mkimbiaji wa Alfajiri
Nashukuru sana. Je, siku ya mashindano nigawe vipi?

Hatua kwa Hatua
Kilomita za mwanzo, tatu kwa tatu, na kama huwezi basi umeanza kwa kasi mno. Katikati, tatu kwa mbili au mbili kwa mbili. Mbili kwa moja iache kwa kilomita ya mwisho, kwa maana haidumu. Zoea kuhesabu hivi katika mazoezi kwanza, kwa kutembea, kisha kwa mbio za polepole.

Mkufunzi wa Jioni
Niongeze tahadhari moja. Kifua kikibana, au pumzi ikitoa mluzi wakati wa kukimbia au dakika chache baadaye, hasa katika hewa kavu yenye baridi, hiyo inaweza kuwa mirija inayosinyaa kwa mazoezi. Mbinu ya kuhesabu haiitibu. Muone daktari kabla ya kuendelea na mazoezi makali.