Lowa ipi ninunue kwa AR-15 ya kuwindia nguruwe pori Texas?

Mchungaji_Brenham
Habari za leo wakuu. Niko Texas, karibu na Brenham, nafanya kazi kwenye ranchi ya mzee mmoja. Nguruwe pori wanatumaliza: usiku wanafukua malisho, asubuhi unakuta ardhi yote imegeuzwa. Mzee ameniruhusu niwapige. Nataka kujiungia bunduki yangu ya AR-15, nianze na lowa, yaani risiva ya chini (nusu ya chini ya mwili wa bunduki). Dukani kuna ya plastiki ngumu, ya alumini iliyofuliwa (iliyopigwa kwa nyundo ya kiwandani), na ya alumini iliyochongwa kwenye bonge zima. Hiyo ya mwisho inapendeza sana ila bei yake ni zaidi ya mara mbili. Itaniongezea shabaha? Halafu nina kadi ya kijani tu, uraia bado. Nitauziwa?

Fundi_wa_Dallas
Mkuu, chukua iliyofuliwa, alumini ya 7075-T6. Naunga bunduki hizi miaka mingi na jibu langu halijabadilika. Shabaha inatoka kwenye mtutu, risasi na kifyatuo. Lowa kazi yake ni kushika kifyatuo, magazini na kitako, basi. Hata ikicheza kidogo inapokutana na risiva ya juu, risasi haipotei njia kwa sababu hiyo, maana mtutu na darubini vyote vinakaa juu.

Iliyochongwa wakati mwingine ni alumini ya 6061, laini kuliko 7075. Unalipia sura. Ya plastiki sikushauri kwa kazi ya ranchi; udhaifu wake uko nyuma, pale bomba la kitako linapoingia. Bunduki ikianguka kutoka kwenye gari, hapo ndipo panapopasuka.

Ukiwa dukani usione aibu, ikague. Nenda na magazini yako uingize na kuachia: inatakiwa idondoke yenyewe. Tazama matundu ya pini, yawe safi, rangi isiwe imejaa ndani. Ikiandikwa MULTI ubavuni (yaani risasi za aina nyingi) ni vizuri, kesho ukitoka kwenye risasi ya kawaida ya 5.56 ukataka ile nzito ya .300 Blackout unabadilisha mtutu tu, lowa na magazini ni zilezile. Ila risasi kubwa ya .308 haiingii humo, ile ina lowa yake kubwa.

Pesa utakayookoa iweke kwenye mtutu. Usishuke chini ya inchi 16, ukishuka unaingia kwenye sheria ya silaha ya Marekani ya 1934 na usajili wake.

Dada_FortWorth
Kaka, kuhusu kadi ya kijani: mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Kisheria lowa peke yake ndiyo bunduki, kwa hiyo utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununua bunduki, na kufanyiwa ukaguzi wa FBI kama mtu anayenunua bunduki nzima. Beba kadi yako na kitambulisho cha Texas chenye anwani unayoishi sasa, maana anwani ya zamani ndiyo inayorudisha watu wengi nyumbani. Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, kwa hiyo usimnunulie rafiki kwa jina lako. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji linaweza kumfukuzisha nchini.

Leseni ya kuwinda huhitaji kwa nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu aliyekuruhusu, tangu Septemba 2019.

Mchungaji_Brenham
Asanteni sana. Nachukua ya kufuliwa. Fundi, kwa nguruwe wa kilo mia, nianze na 5.56 au niende .300 moja kwa moja?

Fundi_wa_Dallas
Usiku, chini ya mita mia? .300, risasi nzito, lenga nyuma ya sikio.